Ko-ko ya Gia ya Tatu

Ilianza Maseno, hatua chache kabla ya bango la ikweta,
ko, kimya, ko-ko,
kana kwamba nusu hii ya dunia
haikukazwa sawasawa na ile ya pili.
Nilibeba mama mmoja na kuku wake wawili, mlima, gia ya tatu.
Nikapunguza mafuta, ikanyamaza.
Nikaongeza. Ko.

Steji ya Luanda kila mtu ni daktari.
Okwemba alisema vavu.
Makanga alisema beringi, akatikisa kichwa kama aliyeona maiti.
Kijana wa kuosha pikipiki, hata leseni hana,
alisema pistoni inakula ukuta, uza mapema,
uza kwa mtu wa mbali.
Nikanunua oili nzito. Ko.
Nikabadilisha cheni ya taimingi, elfu moja mia nane,
karo ya Ayuma hiyo.
Ko-ko, ikajibu, kama mgeni anayejua umo ndani.

Usiku ilinifuata kitandani.
Mke wangu akijigeuza, chaga zikilia,
mimi huyo nimekaa wima: umeisikia?
"Hicho ni kitanda, Anyanzwa. Lala."

Mwishowe nikaisukuma hadi kwa Kadenyi,
nyuma ya mashine ya kusaga,
unga wa watu kwenye nyusi, grisi yake mwenyewe viwikoni.
Sikwenda mapema kwa sababu ni mwanamke. Basi, nimesema.
Alingoja mashine izimwe.
Akaweka ncha ya bisibisi juu ya kichwa cha injini,
mpini sikioni,
akafumba macho.
"Hapa pazima."
Akashuka kwenye kava la kluchi. "Pazima.
Cheni hii nani kakuuzia?"
Nikamtaja. Hakusema kitu,
na hilo lilikuwa tusi la kutosha.

"Ikisimama hailii," akasema. "Inalia ikibeba."
Akapanda nyuma na gunia la pumba mapajani.
"Mlimani. Na usiongee."

Palepale, gia ya tatu, ko.
Mkono wake, umefungwa kitambaa, ukapita chini ya goti langu,
gumba kwenye fremu, vidole kwenye injini.
"Simama. Vinaachana."
"Nini na nini?"
"Kila kimoja kinapanda mlima wake."

Tukapiga magoti kando ya lami, malori yakitupuliza vumbi.
Bolti ya nyuma ilikuwepo, nusu nje,
inang'aa kwa kusuguliwa.
Nati haikuwepo.
Hakuuliza ilianguka lini.
Aliuliza: "Nani aliifungua?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema sijui.
Ndipo ikanijia mvua ya Aprili, Chavakali, saa tano usiku,
kijana wa Serem, shokapu yake imechomoka,
nyuma yake msichana ameshika tumbo,
anauma ukosi wa koti, halii.
Nilitoa spana ya kumi na nne.
Chukua hii, nikamwambia, kesho nitaweka nyingine.
Kesho ilikuja na abiria wake.
Sijui kama walifika.

Kadenyi alipekua mfuko wa aproni:
nati kubwa mno, nyingine imekula nyuzi,
ya tatu ikakubali.
Akaikaza mpaka spana ikalalamika.
"Hamsini," akasema. "Na gunia la pumba unalirudisha wewe."

Kesho yake asubuhi, mlima uleule, gia ya tatu.
Kimya.
Nimetega sikio kama mdaiwa anayengoja mlango ubishwe.
Bango la ikweta likapita. Kimya.
Kisha sauti nyuma yangu, ya siku nyingi labda:
"Wewe! Nimesema nashuka dispensari,
nimesema mara tatu!"

Nikageuza.
Tukateremka polepole, akinieleza habari ya mguu wake,
tangu ulipoanza kuvimba,
nami nikasikia yote.